Mistari 262 kwa 312: Mashine za Gemu za Marekani Zilipovuka Bahari

Chukua Atari 2600 iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Iunganishe na TV ya kichogo huko Mombasa, swichi ya nyuma ya mashine iweke chaneli 2, halafu kwenye TV utafute chaneli 3 ya VHF. Picha itaingia. Itakuwa nyeusi na nyeupe, sauti itakuwa mvumo mtupu, na kama TV ni ya siku nyingi, picha itakuwa inapanda juu bila kutulia. Fundi wa haraka atakwambia mashine imeungua. Haijaungua.

Chaneli 2 ya Marekani hubeba picha kwenye masafa ya MHz 55.25. Chaneli 3 ya mfumo wa B, uliotumika Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, iko pale pale: 55.25. Ndiyo maana picha imepatikana. Lakini Mmarekani huiweka sauti MHz 4.5 juu ya picha, na TV ya mfumo wa B huitafuta MHz 5.5 juu yake. Inafika hapo inakuta chenga. Rangi nayo Marekani hupanda gari la MHz 3.58, la NTSC, mfumo wa rangi wa Marekani, ilhali TV ya PAL, mfumo wa rangi wa Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, inasubiri gari la 4.43. Lisipotokea, TV inaamua kwamba kipindi hiki hakina rangi. Na kule kupanda kwa picha ni kwa sababu Atari inatuma picha 60 kwa sekunde kwa TV iliyozoea 50.

Nimeanza na kero hiyo kwa sababu ndani yake mna karibu habari yote ya mashine za gemu za Marekani ughaibuni. Wapenzi wa gemu hupenda kubishana gemu gani ilikuwa tamu na kampuni gani ilizembea. Mimi naona utamu wa gemu ulikuwa na neno dogo sana. Kilichoamua mashine ipi iuzike wapi kilikuwa mfumo wa TV wa nchi, ushuru wa bandarini, na wakala aliyekabidhiwa mzigo.

Ya kwanza ndiyo iliyosafiri kirahisi

Magnavox Odyssey iliingia madukani Marekani Septemba 1972, kwa takriban dola 100. Ilitokana na kazi ya Ralph Baer na wenzake katika kampuni ya Sanders Associates, Nashua, New Hampshire. Kwa macho ya leo ni mashine maskini kupita kiasi: haina prosesa, haina sauti, haina rangi. Inachora vidoa vyeupe na mstari mmoja, basi. Uwanja wa mpira, msitu au nyumba ya mizimu vilikuwa karatasi za plastiki angavu zilizochapwa rangi, ukazibandika kwenye kioo cha TV; umeme wa tuli wa kioo ulizishikilia. Zilitolewa kwa saizi mbili, ya TV kubwa na ya ndogo.

Umaskini huo ndio uliokuwa pasipoti yake. Matatizo matatu niliyoyataja juu, yaani sauti, rangi na kasi ya picha, mawili hayakuihusu kabisa. Mashine isiyo na sauti haijali kama sauti iko 4.5 au 5.5. Isiyo na rangi haijali NTSC wala PAL. Umeme wa ukutani nao haukuwa kikwazo, kwani ilitumia betri 6 za saizi ya C, jumla volti 9. Kilichobaki ni kurekebisha mapigo ya mistari na kuweka modyuleta, yaani kifaa kinachopandisha picha kwenye masafa ya chaneli, ya nchi husika.

Ugumu ulihamia kwenye sanduku. Toleo la Marekani lilikuwa na gemu ya kujifunza majimbo ya Marekani na gemu ya mpira wao wa kofia na mabega. Mjerumani ataifanyia nini? Toleo la nje likaondoa hizo, likaingiza soka. Kubadilisha hakukuwa kazi kubwa, maana "gemu" zenyewe zilikuwa plastiki, karata na kijitabu.

Mwaka 1974 Philips ya Uholanzi iliinunua Magnavox. Kwa wakati huo lilionekana jambo la wahasibu tu. Lizingatie, tutalirudia.

Mistari 262 na mistari 312

Atari 2600, wakati huo ikiitwa VCS, ilitoka 1977, na Uingereza iliingia 1978 kupitia wakala aitwaye Ingersoll Electronics. Hapa ndipo mambo yalipokuwa mazito, na inafaa kuingia ndani kidogo.

Mashine hii haina kumbukumbu ya picha. Ina baiti 128 tu za RAM, kwa kila kitu. Kwa hiyo programu iliyo kwenye kaseti, yaani kile kisanduku cha gemu kinachochomekwa kwenye mashine, ndiyo inayochora kila mstari wa TV, mmoja baada ya mwingine, wakati ule ule mshale wa elektroni unapopita kwenye kioo. Mwandishi wa gemu anahesabu: mistari 3 ya kuiambia TV ianze picha mpya, mistari 37 mitupu ya juu, mistari 192 ya picha yenyewe, mistari 30 mitupu ya chini. Jumla 262, mara 60 kwa sekunde. Ile mistari mitupu ndiyo nafasi yake ya kupumua. Humo ndimo programu inapohesabu pointi, kusogeza adui, kusoma joistiki.

Ulaya ya PAL inataka mistari 312 mara 50 kwa sekunde. Hesabu inakuwa 3, 45, 228 na 36. Na kwa kuwa kaseti ndiyo inayohesabu, kubadilisha mashine peke yake hakutoshi. Kila gemu ilipaswa kufunguliwa na kuandikwa upya sehemu zake. Kampuni yenye gemu 40 madukani ilikuwa na kazi 40.

Walifanyaje? Wengi walifanya kwa mkato. Waliongeza mistari mitupu juu na chini, picha ya mistari 192 ikaachwa kama ilivyo. Matokeo yake ni picha iliyobonyea, yenye mikanda myeusi juu na chini. Gemu nazo nyingi husogeza vitu kwa kuhesabu picha: kila picha moja, adui hatua moja. Picha zikipungua kutoka 60 hadi 50, gemu nzima inapungua mwendo kwa karibu asilimia 17. Mtoto wa Manchester alicheza gemu ile ile ya mtoto wa Chicago, lakini ikitembea kama imetoka kula pilau. Mwandishi makini aliongeza hatua za kila picha ili mwendo ulingane; wa haraka hakujali, na mnunuzi hakuwa na cha kulinganishia. Sauti ilishuka kidogo sana, chini ya asilimia 1, kwa sababu fuwele ya PAL, kile kipande kinachoipa mashine mapigo ya saa yake, hupiga MHz 3.546894 badala ya 3.579545. Hilo sikio la kawaida halilioni.

Kuna mtego mwingine ambao hata leo huwanasa wanaojiandikia gemu za mashine hii. Kwenye PAL, idadi ya mistari ya picha ikiwa witiri, tuseme 311 au 313, rangi hupotea na picha hugeuka nyeusi na nyeupe. PAL hugeuza awamu ya rangi mstari hadi mstari. Ukivuruga ule ubadilishanaji, TV inakata tamaa. Mtu anaweza kupekua msimbo wake wa rangi siku mbili, kumbe kosa ni mstari mmoja wa ziada kwenye sehemu isiyoonekana kabisa.

Rangi zenyewe pia hazifanani. Chipu ya picha ya Atari, TIA, katika toleo la NTSC ina rangi 16 zenye viwango 8 vya mwanga, jumla 128. Ya PAL ina 104, kwa sababu namba nne kati ya zile 16, yaani 0, 1, 14 na 15, zote hutoa kijivu. Namba 1 kwa Marekani ni njano. Basi ukichomeka kaseti ya Marekani kwenye Atari ya Ulaya, kilichokuwa njano kinakuwa kijivu kama majivu ya jikoni. Gemu inakwenda mwendo wake kamili wa Kimarekani, karibu picha 59.4 kwa sekunde, lakini imevaa nguo za mtu mwingine.

Atari si ya pekee. Fairchild Channel F, iliyotoka Novemba 1976 chini ya uhandisi wa Jerry Lawson, iliuzwa Ujerumani kwa jina la Saba Videoplay na Uingereza kwa jina la Grandstand. Matoleo ya kwanza ya PAL yalipewa prosesa inayopiga MHz 2.00, ilhali ya Marekani hupiga 1.79. Hii yenyewe ina kumbukumbu yake ya picha, haihesabu mistari ya TV. Kwa hiyo Atari ikawa goigoi Ulaya, Channel F ikawa na mchecheto.

Waliolishughulikia jambo hili kiungwana ni kampuni ya Coleco. Ndani ya ROM, yaani kumbukumbu ya kudumu, ya mashine yao ColecoVision, kwenye anwani 0069 kwa hesabu ya heksa (ya msingi wa 16), kuna baiti moja: Marekani imeandikwa 60, Ulaya imeandikwa 50. Gemu inasoma namba hiyo, inapanga saa yake. Katika orodha ya programu ya Coleco wenyewe baiti hiyo imepewa jina AMERICA. Suluhisho la baiti moja, lililowezekana kwa sababu ColecoVision ina chipu ya picha inayochora yenyewe bila kumsumbua mwandishi. Waandishi wasioisoma ile baiti walikuwepo pia, bila shaka.

Ufaransa: rangi 8 na tundu la lazima

Mfaransa alikuwa na mfumo wake wa rangi, SECAM, na SECAM ni mtihani. Rangi haibebwi kama kwenye NTSC au PAL. Zaidi ya hapo, mfumo wa L wa Ufaransa hurusha picha kinyume: nguvu kubwa ya mawimbi ni nyeupe, wakati kwa Wajerumani nguvu kubwa ni nyeusi. Sauti yake ni ya AM, si FM. Ukileta modyuleta ya Ujerumani pale Paris, unapata picha iliyogeuzwa kama negativu ya kamera, na sauti ya kukwaruza.

Atari walitengeneza TIA maalumu ya SECAM, nayo inajua rangi 8 tu: nyeusi, buluu, nyekundu, zambarau, kijani, samawati, njano na nyeupe. Chipu hiyo haisomi kabisa namba ya rangi. Inasoma kiwango cha mwanga, kisha kila kiwango kina rangi yake. Swichi ya rangi na nyeusi-nyeupe nayo imefungwa ndani kwenye nyeusi-nyeupe. Kwa hiyo gemu ya PAL inadhani imechomekwa kwenye TV isiyo na rangi, inatuma vivuli vyake vya kijivu, na chipu inavigeuza kuwa buluu, wekundu na kijani. Mwandishi aliyechagua vivuli viwili vinavyokaribiana ili adui aonekane dhidi ya anga, huko Ufaransa alijikuta na adui mwekundu kwenye anga ya zambarau. Wakati mwingine inapendeza kwa bahati. Mara nyingi haipendezi.

Kilichowaokoa waliokuja baadaye ni sheria, si uhandisi. Kuanzia 1980 TV mpya Ufaransa zilitakiwa ziwe na tundu la Péritel, lile pana la pini 21 ambalo wengine huliita SCART. Péritel inapokea nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa waya wake. Hakuna SECAM, hakuna modyuleta, hakuna masafa. ColecoVision ya Ufaransa ilitoka na Péritel, na hadi leo ndiyo yenye picha safi kuliko ndugu zake za kiwandani. Serikali iliyosifika kwa kubana soko la TV yake ndiyo iliyowapa watoto wa Ufaransa picha bora. Mambo hayo.

Philips na jina lisilo la Marekani

Odyssey², mrithi wa ile Odyssey ya Magnavox, yenye kaseti kamili na kibodi ya kubonyeza, Marekani ilikuwa ya nyuma ya Atari na ikabaki nyuma. Ulaya ilivaa jina Philips Videopac G7000, na hapo ule ununuzi wa 1974 ukazaa matunda. Philips hawakuhitaji wakala: walikuwa na maduka, mafundi na vipuri tangu enzi za redio. Aliyewahi kununua pasi ya Philips alijua atakwenda wapi ikiharibika. Chipu ya picha ya Intel 8244 ilibadilishwa ikawa 8245 ya PAL, kaseti zikapewa namba kubwa kwenye sanduku, na mtoto akawa anakusanya namba kama stempu. Hiyo ya namba ni mbinu ya muuza duka hodari. Mtoto mwenye 1, 2 na 4 hapati usingizi.

Vilevile Philips walithubutu kutengeneza vitu ambavyo Marekani haikuviona. C7010 ni sanduku la sataranji lililounganishwa na kaseti kwa waya. Prosesa ya G7000, Intel 8048, haikuwa na uwezo wa kufikiri sataranji, basi wakaweka prosesa nyingine kamili, NSC800, ndani ya sanduku. Mashine ikabaki kuchora ubao tu. Mwaka 1983, wakati maduka ya Marekani yanatupa kaseti kwenye vikapu vya bei ya bure, Ulaya ilipata G7400, toleo lililoboreshwa.

Na pale Marekani mahakama iliposimamisha uuzaji wa gemu ya Odyssey² iitwayo K.C. Munchkin mwaka 1982, kwa madai ya Atari kwamba imefanana mno na Pac-Man, Ulaya gemu hiyo ilikuwa namba 38 ya Videopac.

Japani: TV ile ile, mlango umefungwa

Hapa ndipo mtu hujiuliza. Japani ilitumia NTSC. Mistari 262, picha 60, rangi ile ile. Kaseti ya Marekani haihitaji kuguswa. Mbona hawakuuza?

Kwanza kuna kikwazo kidogo cha fundi: chaneli 1 ya Japani ilikuwa MHz 91.25 na chaneli 2 ilikuwa 97.25, wakati Mmarekani anatoa 55.25 na 61.25. TV ya Tokyo haikufika chini hivyo. Modyuleta ikabidi ibadilishwe. Ni kazi ndogo, lakini inamaanisha huwezi kumwaga kontena la New York bandarini Yokohama ukaondoka.

Kikwazo kikubwa kilikuwa bei. Epoch, kampuni ya Kijapani, waliileta Atari mwaka 1979 kama bidhaa ya kutoka nje, yenye bei ya bidhaa ya kutoka nje. Miaka miwili baadaye Epoch hao hao wakatoa mashine yao wenyewe, Cassette Vision, kwa yeni 13,500. Wakala amegeuka mshindani. Afadhali usiwe na wakala. Bandai walileta Intellivision ya Mattel mwaka 1982 kwa yeni 49,800. Atari wenyewe walikuja 1983 na Atari 2800, mashine nzuri kwa umbo, matundu 4 ya kuchezea, joistiki na kizungusho katika kifaa kimoja, kwa yeni 24,800. Tarehe 15 Julai mwaka huo huo Nintendo walitoa Famicom kwa 14,800 na Sega wakatoa SG-1000 kwa 15,000. Teknolojia ya 1977 kwa yeni 24,800, pembeni ya Famicom. Hapo hapahitaji mchambuzi. Ganda la 2800 lilirudi Marekani likauzwa na maduka ya Sears kwa jina jingine.

Kejeli ni kwamba gemu iliyoipaisha Atari nyumbani mwaka 1980, Space Invaders, ilikuwa ya Taito, Wajapani.

Brazili, ambako kila mtu alikuwa Atari

Brazili ndiyo kesi ninayoipenda kuliko zote. Serikali ya wakati ule iliamini nchi itajenga elektroniki zake ikizuia za nje; vizuizi vilikuwepo tangu miaka ya 70, na sheria namba 7.232 ya Oktoba 1984 ikavikomelea. Mashine ya gemu kutoka nje ilikuwa ya magendo au ya tajiri.

Na TV yao? PAL-M, mfumo wa pekee duniani: mistari na kasi ya Marekani, 525 na 60, lakini rangi kwa namna ya PAL, kwenye MHz 3.575611. Tofauti na NTSC ni kama kHz 4 tu, ila inatosha. Mashine ya Miami ikiwashwa São Paulo hutoa picha iliyotulia, mwendo sahihi, sauti safi, bila rangi. Fikiria bahati hiyo: kaseti zote za Marekani zinafanya kazi bila kuandikwa upya, kinachokosekana ni rangi. Kukawa na kazi nzima ya mafundi wa kugeuza mfumo: unafungua mashine, unabadilisha fuwele, unaongeza kisahani cha kugeuza rangi, mteja anaondoka na rangi. Vuka mpaka hadi Argentina na kazi hiyo haifai kitu, maana wao ni PAL-N, picha 50.

Ndani ya ukuta huo wenyeji walijitengenezea. Kampuni ya Gradiente kupitia tawi lake Polyvox walitoa Atari rasmi 1983. Wakati huo soko lilikuwa limeshajaa au linajaa nakala zake: Dactar ya Milmar, Dynavision ya Dynacom, Supergame ya CCE. Kaseti ya mmoja iliingia kwa mwingine. Philips nao waliuza Odyssey, bila ile "2", na walifanya kitu ambacho Atari hawakufikiria: walimpa gemu mwenyeji. K.C. Munchkin ikaitwa Come-Come. Pick Axe Pete ikawa Didi na Mina Encantada, mchimba madini akawa Didi, mchekeshaji ambaye kila nyumba Brazili ilimjua kwenye TV. Gemu ni ile ile, baiti zile zile karibu zote, ila ghafla ni ya kwetu.

Ukuta ulilinda viwanda, ukawanyima watu mashine mpya, na ukaifanya Atari iishi Brazili miaka mingi baada ya kufa huko Marekani. Siwezi kuusifu wala kuulaani kwa sentensi moja.

Ukitaka kuiwasha leo

Turudi Mombasa, au popote penye volti 230 hadi 240. Watu wananunua Atari za Marekani mtandaoni kwa sababu ni nyingi na rahisi, kisha wanakwama. Haya ndiyo ya kufanya.

Adapta ya asili iache kwenye sanduku. Ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240, transfoma yake inashiba sumaku, inapata moto, inanuka, na kabla haijafa inatoa kama volti 18 badala ya 9. Ndani ya Atari kuna kirekebishi 7805 kinachoshusha hadi 5. Kikipewa 9, kinabeba volti 4 za ziada. Kikipewa 18, kinabeba 13. Hata mashine ikivuta mA 250 tu, hiyo ni wati 3.25 za joto kwenye kipande chenye ukubwa wa ukucha. Nunua adapta ya volti 9 DC, mA 500 au zaidi, plagi ya milimita 3.5 kama ya spika za masikioni lakini ya mono, ncha ikiwa chanya. Usiazime ile ya volti 9 ya pedali za gitaa: plagi yake ni nyingine, na katikati yake kwa kawaida ni hasi. Chomeka plagi kwenye mashine kwanza, ukutani baadaye. Plagi ya 3.5 ikiingia huku ina umeme hugusanisha chanya na hasi kwa muda mfupi.

Kisanduku cha antena kilichokuja nayo, chenye waya mbili za skrubu, hakina kazi tena. Weka kiunganishi cha bei ndogo kutoka RCA kwenda plagi ya antena, moja kwa moja. Kama una TV ya multisistimu, zile zilizoletwa kutoka Dubai na maduka mengine ya Ghuba, ingia kwenye menyu uchague NTSC 3.58 na sauti M (ile ya Marekani). Utapata kila kitu. TV hizo zilitengenezwa kwa sababu Ghuba ilikutanisha watu na kanda za video za kila mfumo, na bila kukusudia zikawa TV bora za kuchezea gemu za kale. Kama menyu ina B/G na I tu, utabaki na ile picha ya kimya.

TV bapa ina shida nyingine. Atari haitumi picha mbili nusu-nusu zinazoingiliana kama kituo cha TV. Inatuma mistari 262 ile ile kila mara. TV nyingine huona hiyo si ishara halali, ikaonyesha buluu. Dawa ni kuiacha modyuleta na kutoa video moja kwa moja: kisahani kidogo chenye transista na vipinga vichache kinachokusanya mwanga, rangi na sawazisho (mapigo yanayoituliza picha) kutoka TIA. Sauti ichukue pini 12 na 13 za TIA, ziunganishe, kwani kila moja hubeba sauti yake na ukichukua moja utacheza gemu yenye nusu ya milio. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika chipu hiyo. Umeme tuli wa kapeti unatosha kuimaliza.

Kaseti zikigoma, usizipulize. Mate ni unyevu. Nyingi za Atari zina mlango wa springi mdomoni. Sukuma kilimi kwa bisibisi nyembamba, mlango urudi nyuma, kisha futa meno ya shaba kwa pamba na spiriti safi. Na uangalie namba ya lebo: CX26 na tarakimu mbili, ikifuatiwa na P, ni ya PAL. Hiyo kwenye mashine ya Marekani itatuma mistari 312, na TV isiyokubali 50 itaizungusha picha mpaka kichwa kiume.

Zipo gemu ambazo hutakuwa na hiari. KLAX ya 1990 haikutoka Marekani kabisa. Ilitolewa kwa PAL pekee, kwa sababu wateja wa Atari 2600 waliokuwa bado wananunua kaseti mpya dukani walikuwa Ulaya. Ukitaka kuicheza, tafuta mashine yenye fuwele ya 3.546894.